Likizo ya Kukhu

Juzi mjukuu wangu alifunga shule, akaja kwangu hapa Kitale na sanduku lake. Raha yangu ilidumu siku moja tu. Jumatatu asubuhi mama yake akapiga simu, ati mtoto aende tuition kila siku mpaka saa kumi. Nikauliza, sasa hiyo likizo ni ya nini? Mjukuu akasema ni likizo tu, huku akifunga kamba za viatu kwa hasira. Rafiki yangu, mimi na neno hilo tumegombana tangu nina miaka tisa, na bado linanisumbua.

Zamani hizo mashamba yote haya yalikuwa ya wazungu. Wazazi wangu walikuwa vibarua kwenye shamba la mahindi karibu na Kiminini, na mimi nikakaa Matulo kwa mama yake mama, tuliyemwita Kukhu, tangu nikiwa mdogo sana, na shule ilikuwa huko. Matulo naikumbuka kwa pua: moshi wa kuni mbichi, uji wa wimbi uliochachuka, kunde zikichemka kwa maji ya majivu. Kabla ya shule nilichota maji mara mbili. Siku za kufunga shule nilizihesabu kwa mistari ya mkaa nyuma ya mlango, na Kukhu alipokuwa akisiriba nyumba aliipaka samadi yote bila hata kuniuliza.

Kukhu alijua kila kitu, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Akiwa msichana alimfuata babu, aliyekuwa askari, wakaishi Mombasa miaka michache. Alirudi na leso mbili na Kiswahili cha kuringia. Ukisema "mtu kubwa" hakukupa chakula mpaka urudie sawasawa.

Basi wiki ile ya kufunga shule, utingo wa lori lililobeba mahindi kutoka Kitale alipita na ujumbe wa mama: "Anasema mtoto anapewa rikizo Ijumaa. Jumamosi wewe ngojea rori."

Mimi nilijua maana yake. Kukhu naye akajua yake. Huko pwani alikokaa, kumlikiza mtoto kulikuwa kumwachisha ziwa. Mdogo wangu alikuwa bado mgongoni kwa mama, kwa hiyo Kukhu akaamua kwamba anaachishwa Ijumaa na kuletwa Jumamosi, kama mimi nilivyoletwa. Akasaga wimbi. Akaanika blanketi. Akaniambia nisiende popote, maana mbebaji wa mtoto ni mimi.

"Kukhu, likizo ni yangu," nikamwambia. "Mwalimu amesema."

"Mwalimu wako amezaa wangapi?"

Jumamosi tulisimama barabarani, mimi na kifurushi changu cha nguo, yeye na kibuyu cha uji. Lori likasimama, na Kukhu akadai mtoto wake.

"Mtoto si huyu, mama?" dereva akasema. "Apande, bana, nachereweshwa."

"Huyu alilikizwa zamani. Nataka yule mdogo. Mmemwacha wapi?"

Nililia, nikashika ubao wa lori, Kukhu akanipiga kofi la mkono. Dereva alitazama jua, akatikisa kichwa, akaondoka. Kukhu alirudi nyumbani akilaumu watu wa lori. Ule uji niliunywa mimi siku mbili, na hadi leo harufu yake hunichukiza.

Kumbe mama alikuwa amembembeleza nyapara wiki nzima apate ofu ya siku moja. Alishinda barabarani Kiminini na kikapu cha mahindi ya kuchemsha, mdogo wangu akinyonya. Ofu nyingine hakupewa. Sikumwona mpaka mwaka uliofuata, alipomleta mdogo wangu Matulo, amelikizwa kweli. Kukhu akanitazama kana kwamba ameshinda kesi.

Baadaye, nikiwa mwalimu, nilifungua kamusi nikiwa na hakika nitamkuta Kukhu amekosea. Maana zote mbili zilikuwamo, bega kwa bega. Nilikasirika sana. Kukhu alikuwa ameshafariki, na sikuwa na wa kumwambia kwamba alikuwa sahihi na bado alinidhulumu.

Shamba lile sasa limekatwa viploti. Kibuyu sijui kilienda wapi. Mama alinisimulia siku ile mara moja tu, akiwa mgonjwa. "Nilipokulikiza sikulia," alisema. "Ulilia wewe, ikatosha. Nililia Kiminini, lori lilipofika bila wewe."

Kwa hiyo leo nimeficha viatu vya mjukuu chini ya kitanda changu. Simu imelia mara tatu, na sijaishika. Yuko nje anachoma mahindi, mguu chuma, bila viatu, na nimemwambia akimaliza aniletee moja.