Ubao wa Dugsi na Nyama ya Ngamia

Juzi nilirudi Garissa, nikaagiza nyama ya ngamia katika hoteli mpya, nayo ikaletwa juu ya ubao wa dugsi. Ndiyo, rafiki yangu, ubao ule ule wa chuo cha Kurani, wenye kishikio kilichochongwa juu. Pilipili ilikuwa ikitiririka pale zinapoandikwa aya. Niliona kinyaa, wala sioni haya kusema.

Sisi tulikulia Griftu, kaskazini zaidi. Asubuhi tulibeba kuni za mwalimu kwapani, tukafika tunanuka moshi, tukasoma kwa kelele mpaka mbuzi wakashangaa. Wino tuliupika wenyewe kwa makaa na gundi ya mgunga. Ukishahifadhi aya zako, ubao unaoshwa, na maji yale hayamwagwi ovyo. Mwalimu aliyapeleka kwenye kichaka cha miiba, mahali pasipokanyagwa na mtu wala mnyama. Au yalinywewa na mgonjwa kama dawa.

Mgonjwa mara nyingi nilikuwa mimi. Nyanya alinibana pua, akaninywesha kikombe kizima cha maji meusi, machungu, yenye chenga za makaa zilizonata kwenye meno. Niliyachukia! "Meza," alisema, "hayo ni maneno, si maji." Nilikunja uso, nikameza, na baadaye alinipa maziwa yenye harufu ya moshi ili ninyamaze.

Basi nikamwita kijana wa hoteli, nikamuuliza kama anajua alichoniletea.

"Adeer, ni sahani ya nyama tu. Wageni wanabenda sana, wanabiga bicha."

Adeer kwetu Wasomali ni ami. Alisema kwa upole, maskini, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Niliihamisha nyama, nikaomba beseni na maji ya moto, nikausugua ubao mbele ya watu. Ulikuwa umekatwakatwa na visu, lakini kwenye kona weusi wa wino wa zamani ulikuwa bado umezama ndani ya mti. Ukaanza kutoka, ukachanganyika na mafuta.

Nikatoka uani kutafuta pa kumwaga. Kote ni matofali ya kabro, na maua ya plastiki. Kijana akanionyesha sinki, pale walaji wanaposukutua na kutema makohozi. Kinyaa kilinipanda tena. Nyanya angeniambia nimeze. Nikautazama ule mchanganyiko wa wino, pilipili na shahamu, nikakunja uso kama zamani, nikabaki nimeshika beseni.