Kumtafuta Kaka Mirerani

Asubuhi ile nilitoka kibaruani Visiga kwenda kununua mwiko wa kujengea, nikajikuta nimepanda basi la Arusha. Sikuwa nimepanga. Jioni iliyotangulia mama alinipigia kutoka nyumbani Chole, Kisarawe, akasema majirani wamekuja tena kumshauri amsomee kaka hitima, naye amekataa tena.

"Sijaona maiti, sijaonyeshwa kaburi. Nimsomee hitima mtu ambaye labda saa hizi anakunywa chai?"

Kaka alikwenda Mirerani kuchimba tanzanite. Mwanzoni alikuwa akipiga simu, anacheka, anasema huko hata mate ni meusi. Baadaye simu ikawa haipatikani, mwaka ukapita, na mwingine. Kila tuliyempata huko kwa simu tulimtajia jina la kaka, la baba na la babu, kama tunavyotajana kwetu Kisarawe. Wote walisema hawamjui.

Mimi niliacha shule darasa la sita na sijawahi kutulia mahali. Kwa hiyo kuondoka hakukunitisha. Kilichonitisha ni kufika.

Mirerani ni kukavu. Upepo unapeperusha vumbi jeusi la kinywe, yale madini ya ncha ya penseli, mpaka ndani ya masikio. Nilifika alasiri nikakuta maonyesho ya madini: meza zimepangwa, mawe yanamulikwa kwa taa ndogo, wageni wameinama kama wanaosoma. Nami nikainama. Jiwe moja lilikuwa la buluu, ukiligeuza linakuwa zambarau. Nikamuuliza dalali linapataje rangi mbili.

"Bro, unanunua au umekuja kusoma?"

"Namtafuta kaka yangu." Nikamtajia majina yote matatu.

Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Huku shimoni hakuna mtoto wa fulani bin fulani. Mwanaapolo anashuka kuchimba na jina alilopewa na wenzake. Kaka yako walimwitaje?"

Sikujua. Miaka yote ile tulikuwa tukiulizia jina ambalo huku hakuna aliyewahi kulisikia.

Kwa sababu ya maonyesho, kila nyumba ya wageni ilikuwa imejaa. Nilielekezwa mwisho wa mji, kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akianika mashuka uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kimebaki chumba kimoja, dirisha lake halifungi vizuri. Umetoka wapi?"

"Kisarawe, mkoa wa Pwani."

Akaacha shuka likining'inia. "Huko ndiko mnakokula majani ya mihogo?"

"Kisamvu. Ndiyo."

"Basi tulikuwa na mtu wenu. Anazunguka soko zima anauliza kisamvu, wauza mboga wanamcheka. 'Kaka, huku hata nyasi tunazitafuta!' Wakamwita hivyo hivyo, Kisamvu. Anacheka kabla hajamaliza kusimulia, mpaka husikii alichotaka kusema."

Nikakaa chini, pale pale kwenye ngazi za mlango. "Ni kaka yangu huyo," nikasema. Hakuna mwingine anayecheka vile.

Akaniangalia usoni, halafu akakaa karibu yangu. "Pole, baba. Kifua kilimsumbua muda mrefu. Alikuwa akiswali, kwa hiyo wenzake walimzika Kiislamu, vizuri kabisa. Tulipomuuliza kwao, alisema Pwani. Simu yake ilikuwa imeshaibiwa. Tungempigia nani?"

Akainuka, akamalizia kuanika lile shuka.

"Asubuhi nitakupeleka kaburini. Mama yenu yupo?"

"Yupo. Anamsubiri."

Alikwenda kuniletea ndoo ya maji na shuka, akafungua chumba, akaniachia ufunguo mlangoni.

Niliketi kitandani na simu mkononi. Nikimpigia mama, atasoma hitima, na hatakuwa tena na mtoto wa kusubiri. Nisipompigia, nitamwachia ile chai ya kufikirika anayokunywa kaka mpaka lini?

Nikapiga. Alipokea mara moja, akaniuliza kama nimekula.