Siku Tatu Nilizouandikia Mto

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, nami nakusimulia kwa kuwa miguu yako, kama yangu zamani, haitulii mahali pamoja.

Niliacha shule darasa la tano, nikawa mtu wa kutangatanga na kutazama kazi za watu. Ndivyo nilivyomkuta Bi Salome, mtaalamu wa maji wa serikali, amesimama ndani ya mto nyuma ya Gongo la Mboto, maji yamemfika mapajani. Nilimuuliza maswali hata akacheka: "Kijana, badala ya kunichosha, njoo unifanyie kazi." Kazi yenyewe ilikuwa kusoma ubao wenye namba uliosimikwa mtoni, asubuhi na jioni, na kuandika maji yamefika wapi. Kwa daftari lile, mafundi wangeambiwa kivuko cha watoto wa shule kikae juu kiasi gani.

Basi nikasikia kuna mtambo unachimba kisima Temeke. Nikaenda kuutazama, nikapotelea huko siku tatu, nikishangaa udongo unavyopanda: mwekundu, kisha mweupe, kisha wa kijivu. (Udongo ule, mwanangu! Mpaka leo nautamani.) Niliporudi nikaketi kizingitini, nikajaza siku zile zote kwa penseli: maji yanashuka kidogo kidogo, kwa mpangilio mzuri. Kwetu hakukunyesha hata tone, ningejuaje?

Jumamosi Bi Salome akaja. Akasoma daftari, akautazama ubao.

"Jumatano mto ulikuwaje?"

"Ulikuwa umetulia, mama."

Akachomoa nyasi kavu zilizonasa ubaoni, juu ya usawa wa kichwa changu. "Na hizi zilipanda kwa ngazi?"

Kumbe mvua ilinyesha vilima vya Pugu, mto ukajaa na kushuka mie sipo. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye nyasi. Nikatoa kifutio, akanishika mkono.

"Usifute. Kata kwa mstari mmoja, uongo wako usomeke. Siku usiyoiona, iache wazi. Mtu akiona pengo atauliza. Akiona namba, atawavusha watoto."

Nikakata. Akanirudishia daftari. "Kesho asubuhi, kama kawaida."

Lakini aibu ilinizidi. Daftari nikaliacha kwa jirani yangu Bi Mwanahawa, muuza vitumbua, ampe Bi Salome, nikashika njia ya Tanga. Nilirudi baada ya masika mawili.

"Mtembezi karudi!" Bi Mwanahawa akanicheka. "Mwenzio alikuwaga anakuja kila Jumamosi: 'Karudi?' Mie namwambia, tafuta mwingine. Ananijibu ukurasa wako kauacha wazi. Mpaka alipohamishwa."

Akanipa penseli aliyoniachia Bi Salome. Ninayo, sijaichonga. Kivuko kilijengwa, tena juu ya alama ya nyasi zile, na watoto wanapita. Ubao uling'oka zamani, lakini kila asubuhi nasimama ukingoni, macho yakitafuta namba. Laiti angeniona nikisoma, hata mara moja! Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mwenyewe.

Mwanangu, tembea, dunia ina mengi ya kutazama. Ila siku ambayo hukuwepo usiijaze, sema, "Sikuwepo." Na anayekukemea kisha akakwambia "kesho, kama kawaida," ameshakusamehe; kesho yake nenda. Mola akujalie mtu wa kukuachia ukurasa wazi, na akupe miguu ya kurudi angali anakuulizia.