Makofi Matatu Getini

Nilikwenda Brazili kumrudisha mdogo wangu, sikwenda kutalii. Ilikuwa mwaka 2018. Alikuwa na mimba ya miezi saba na siku kadhaa, mumewe alikuwa mbali kaskazini mwa nchi ile akitengeneza mitambo ya migodini, anarudi nyumbani kila baada ya wiki sita, na mama yetu kule Tanga alikuwa hapati usingizi. Kila akinipigia simu, swali lake lilikuwa lile lile: "Uchungu ukimshika yuko peke yake, atamwita nani?" Nilichokuwa nacho ni fleti ya vyumba viwili Randburg, pembezoni mwa Johannesburg, kijiduka changu cha ushonaji karibu na kituo cha teksi, na ulimi ambao mama huutegemea mambo yakikwama. Nikakata tiketi moja ya kwenda na mbili za kurudi.

Shirika la ndege lilishatuambia kwamba mimba ikifika miezi minane hapandishwi mtu. Kwa hiyo nilikuwa na siku kumi za kumshawishi.

Mdogo wangu alikaa nami Johannesburg miaka miwili kabla ya kuolewa, na shemeji tulimpatia dukani kwangu. Alikuja Afrika Kusini kutoka kwao Brazili kufunga mitambo, akaleta suruali nimpunguzie urefu. Akaleta ya pili, akaleta ya tatu, na ya nne nikamwambia suruali zimetosha, sasa aseme anachotaka. Akasilimu, akaoa, akaondoka naye. Nilimnunia mwaka mzima kwa sababu alikuwa mtu mwema na sikupata cha kumsema.

Kutoka uwanja wa ndege wa São Paulo nilipanda basi kwa saa moja na nusu. Lile jiji lenyewe halikunitisha. Maghorofa hayana mwisho, watu wanakimbizana, na mimi mkoba nimeukumbatia kifuani kama niko katikati ya Johannesburg. Kisha maghorofa yakapungua, vikaja vilima, mikaratusi, mabanda ya nailoni ya kukuzia maua, na udongo mwekundu ule ule wa Lushoto. Basi likaingia mji mdogo. Katikati ya barabara alikuwa amelala mbwa wa rangi ya mchanga, na dereva hakupiga honi. Alimzunguka taratibu, kisha akatoa mkono dirishani kumsalimia mwanamke aliyekuwa akiosha baraza yake kwa mpira wa maji.

Mdogo wangu alikuja kunipokea kwa miguu, ndala na tumbo mbele. Nikaanza kumgombeza hata kabla ya kumkumbatia.

"Shikamoo, dada," alisema huku akicheka. "Hata pumzi hujavuta."

Tulipita uwanja wenye mabenchi ya saruji ambako wazee walikuwa wakicheza dhumna, tukapita kanisa jeupe na duka la mikate. Ilikuwa alasiri, harufu ya kahawa ikitoka kila dirisha. Uani kwa watu kulikuwa na mihogo na mipapai. Kila tuliyekutana naye alisimama, si kusalimia tu na kupita. Alisimama, akamwuliza mdogo wangu jambo, akaliangalia tumbo, akaniangalia mimi, akatabasamu. Tulitumia nusu saa kwenda mwendo wa dakika tano. Nikaupenda mji ule. Nasema kweli, niliupenda siku ile ile, na jambo hilo likanikera, maana sikuja kupenda.

Nyumba yake ilikuwa ndogo, safi, na mbele ilikuwa na geti la buluu la kufika kiunoni. Mbuzi wa kwetu angeliruka bila hata kufikiri.

"Kufuli liko wapi?" niliuliza.

"La nini?"

Kwa kuwa nilikuwa mgeni, nikavua viatu nikaingia. Lakini begi langu lilikuwa na kufuli, kubwa, la shaba, maana mimi sisafiri bila kufuli.

Sitaki mtu adhani naisema vibaya Johannesburg. Imenilisha, na imemjengea mama nyumba. Lakini ina masomo yake, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mahali ninapokaa kuna ukuta, juu ya ukuta nyaya za umeme, getini mlinzi anayeandika namba za magari, kisha mlango wa nondo, kisha mlango wa mbao, kisha mimi. Mgeni hupiga simu akiwa kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, ili nimfungulie kwa rimoti asisimame nje. Anayegonga bila kupiga simu hafunguliwi. Unazima redio, unakaa kimya nyuma ya pazia, mpaka aondoke. Hayo huyaoni ajabu ukiwa ndani yake.

Kesho yake mdogo wangu alikwenda kazini, kwenye shamba la maua, akaniacha nipumzike. Alipopinda kona tu, nikatoka na kufuli langu nikafunga lile geti la buluu. Moyo ukatulia. Nikaingia ndani nikaanza kukunja nguo za mtoto.

Kama saa nne hivi nikasikia makofi. Pa, pa, pa. Kimya. Pa, pa, pa. Nikachungulia pembeni mwa pazia. Nje ya geti alisimama bibi mmoja mnene, mvi zimefungwa nyuma, bakuli lililofunikwa kitambaa ameliweka juu ya nguzo. Alikuwa akipiga makofi huku akitazama mlango wetu. Nikajiambia, huyu ama ana wazimu ama anauza kitu. Nikarudi nyuma, nikazuia hata kikohozi. Akapiga tena, akaita kwa Kireno. Halafu akalishika geti, akaliona kufuli. Alilitazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya msiba, kisha akavuka barabara kwenda nyumba ya kijani mkabala nasi. Bakuli akaliacha pale pale.

Haikupita nusu saa wakaja wanawake wawili, nao makofi. Baada yao akaja mwanamume mwenye unga hadi kwenye nyusi, bila shaka wa lile duka la mikate, naye makofi. Hakuna aliyevuka geti, ingawa hata mtoto angelivuka. Walijadiliana wenyewe kwa wenyewe, wakatazama madirisha. Nami nimejibanza nyuma ya pazia, mkasi wa kushonea mkononi. Mkasi, jamani.

Saa nane mchana nikasikia sauti ninayoijua.

"Dada! Dada, fungua!"

Mdogo wangu alikuwa getini, jasho linamtiririka, mkono mmoja ameshika tumbo kwa chini, nyuma yake watu kama saba. Kumbe mwoka mikate alikwenda mpaka shambani kumwuliza kama yuko hai. Geti lake halijawahi kufungwa kufuli tangu ahamie pale, kwa hiyo mtaa mzima uliamini kuna jambo baya limetokea ndani. Naye hakungoja usafiri, akaja nusu anakimbia, kwa hali ile, kwenye jua lile.

Nilifungua kufuli. Aliwaeleza watu, wakacheka kwa kushusha pumzi, mmoja akanipiga begani kwa upole, wakatawanyika. Tulipobaki wawili hakucheka.

"Mbona hukuwaitikia?"

"Siwajui! Watu wanasimama nje wanapiga makofi, nitajuaje wanataka nini?"

"Ndiyo hodi yao, dada. Hapa hawabishi mlango, hawaingii kwa mtu hivi hivi. Wanapiga makofi getini, mwenyewe anatoka. Yule bibi wa nyumba ya kijani huja kila siku saa nne kuniangalia, niwe nipo, nisiwe nipo. Nisipokuwepo humwagia maua yangu maji."

"Nilikuwa nakulinda."

"Eish, dada! Umewafungia nje watu wangu!"

Akaingia chumbani akalala. Neno hilo liliniuma kuliko nilivyomwonyesha. Nilibaki jikoni na lile bakuli la bibi, keki ya unga wa mahindi, bado ina vuguvugu la jua. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mimi mwenyewe nilisema hodi kwenye mlango wa mtu. Kwetu Tanga tulifundishwa hodi tatu, usipoitikiwa geuka urudi, hata kama mlango uko wazi na unamwona mtu ndani. Sikuikumbuka hiyo mara ya mwisho. Ilikuwa kabla ya Johannesburg.

Jioni alinipeleka kuomba radhi. Tulisimama mbele ya nyumba ya kijani, geti nalo la kiunoni, akapiga makofi matatu, akangoja. Bibi akatoka anafuta mikono kwenye aproni. Nilimshika mkono nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mimi ni mtu wa adabu ila nimesahau kidogo. Hakuelewa hata neno moja. Akaniwekea kiti nje, kando ya barabara, maana saa zile kila nyumba hutoa viti nje, watu wakakaa wakitazama wapitao, wakizungumza kutoka upande huu wa barabara hadi ule bila kunyanyuka. Nilikaa pale nikajiona mjinga, na nikajiona mwenye raha, vyote kwa pamoja.

Siku zilizofuata nilizitumia kuwachunguza. Nilikuwa natafuta kasoro, nisije nikamwambia mama maneno ya juu juu. Nilimwona mwoka mikate akipita na kigari chake cha injini asubuhi, akitundika mikate kwenye mageti ya wazee wasioweza kutembea. Nilimwona yule bibi saa nne kamili, siku ya mvua akiwa na mwavuli, ameubana kwapani ili mikono ibaki ya makofi. Niliona pia wanavyopenda umbea, na kahawa yao ina sukari ya kuua mtu. Lakini geti lililopigiwa makofi likakosa jibu halikuachwa hivi hivi. Lazima mmoja aende kuuliza.

Hata hivyo tiketi zilikuwa begini. Siku ya saba asubuhi nilimwuliza, "Tunapanga nguo lini?"

"Tutaongea mchana," alisema. Hakwenda kazini, mgongo ulikuwa unamuuma.

Mchana hatukuongea. Alisimama kuchukua maji, akashika ukingo wa meza, akasema, "Dada, chupa imepasuka." Ilikuwa mapema mno. Uso wake uligeuka rangi. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, yangu haikuwa na laini ya kule, na Kireno changu chote kilikuwa salamu mbili. Swali la mama likanijia vile vile alivyoliuliza, ila sasa lilikuwa langu: nimwite nani?

Nilitoka mbio bila viatu. Geti la nyumba ya kijani lilikuwa mbele yangu, ningeweza kulivuka kwa hatua moja, na sijui kwa nini sikulivuka. Nilisimama nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu zote, si matatu, nilipoteza hesabu, nikipiga huku nalia na kuita "Hodi! Hodi jamani!" Bibi akatoka. Hakuuliza. Aliniangalia mara moja, akageukia barabara, akapiga makofi yake makubwa kuelekea mtaa wa juu, na huko juu mwingine akapiga, na nyumba moja baada ya nyingine milango ikafunguka. Kabla sijamaliza kumvalisha mdogo wangu kanga, kigari cha mikate kilikuwa mlangoni, trei zimetupwa barazani kwa mtu.

Tulikwenda hospitali tukinuka mikate. Bibi alimshika mkono njia nzima, akimwimbia kitu kwa sauti ya chini, nami nikisoma Ayatul Kursiy upande wa pili. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya magharibi, mdogo kama ndege, lakini alilia. Nilikaa chini sakafuni nikalia naye.

Niliahirisha safari wiki mbili, hadi shemeji akarudi na mtoto akatolewa hospitali. Siku niliyoondoka kufuli langu lilibaki kwenye droo ya vijiko, na kiti cha pembeni yangu kwenye ndege kilikuwa kitupu. Magotini nilipakata keki ya mahindi ya bibi, imefungwa taulo.

Nilimpigia mama usiku wa kufika. Nilidhani atanisema.

"Umemwacha na nani?" aliuliza.

Nikamweleza. Nilimweleza bibi wa saa nne, mwoka mikate, makofi, viti vya nje, kila kitu. Nilizungumza hadi koo likakauka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru Mungu.

"Haya. Yeye nimemwelewa," alisema. "Na wewe je, mwanangu? Wewe huko ukiugua mchana, unamwita nani?"

Nilimwambia simu inakatika.

Kesho yake nilikata keki vipande viwili, nikatoka na kimoja hadi mlango wa fleti namba tatu. Mimi na mwanamke wa pale tulikuwa majirani miaka mitatu. Nilijua gari lake na saa anazorudi, sikujua hata anatoka nchi gani. Nilisimama mbele ya nondo zake, nikaweka sahani chini, nikapiga makofi matatu. Redio iliyokuwa ikiimba ndani ikazimwa. Pazia likatikisika kidogo tu, likatulia.

Nilijua yuko pale nyuma. Nilijua hata amesimama vipi. Sikumlaumu. Nikapiga tena.