Silinda Hedi ya Watu Wawili

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kukaushia majani katika kiwanda cha chai, kule Usambara ya Mashariki, kwa miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipopata mwenyewe mpya walipunguza watu, naye akarudi Lushoto na sanduku la spana, ovaroli mbili na cheti cha utumishi mwema. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa matupu tangu niolewe yalijaa ghafla, spea za kila aina ya gari zikapatikana Tanga, na watu waliojua kuzifunga ndio hao walioambiwa kazi basi. Mpaka leo sijaielewa hesabu hiyo, na mimi ni mwalimu.

Gari tulilinunua kwenye mradi mmoja wa Wazungu uliokuwa unafungwa. Lilikuwa limekwisha kutembea kilomita zaidi ya laki tatu, nyingi kati ya hizo za kupanda na kushuka milima yetu, lakini lilitubeba sote sita na magunia ya viazi juu. Halafu siku moja, tukipandisha kutoka Mombo, likachemsha kabla ya kufika Soni. Mume wangu alifungua kifuniko cha oili, akachovya kidole, akanionyesha. Oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Gasketi inayoziba chini ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, imeungua, akasema, maji yanaingia kwenye oili. Lilivutwa mpaka uani kwetu, na mafundi wa stendi walitaka kushusha injini nzima. Akakataa.

"Nitalifungua mwenyewe," alisema.

Nikadhani atalifungua kesho yake. Thubutu! Kila siku saa moja kamili asubuhi alivaa ovaroli, akanywa chai akiwa amesimama kama alivyozoea kiwandani, akatoka kwenda uani. Huko alikaa kwenye kigoda na daftari aliloniomba, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alichora kila boliti na kuipa namba: zipi zilegezwe kwanza, kuanzia pembeni kuja katikati, na wakati wa kukaza kinyume chake. Alipanga makopo ya kuwekea nati. Alipima, akafuta, akapima tena. Wiki ya tatu ilipokwisha, alikuwa hajalegeza boliti hata moja. Mimi wakati huo nilikuwa natembea kwa miguu kutoka nyumbani, njia ya Irente, hadi shuleni, kwenye matope ya masika, na kila kilima kilinipandisha hasira.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa. Nikanunua mkungu wa ndizi. Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, sasa mtaubebaje? Gari bado?"

"Limechemsha," nikajibu. "Na mwenyewe naye kachemsha."

Vijana walikuwa wameanza kulitumia neno hilo kwa mtu aliyeshindwa, na hata wazee walishalijua. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mume wangu naye alicheka, akaubeba mkungu begani, tukaondoka. Njia nzima alizungumza na watoto tu, kwa Kisambaa.

Jumatatu hakuvaa ovaroli. Jumanne akaenda shambani. Alhamisi, tukiwa tunakula, akaniambia bila kuniangalia, "Nimemwambia fundi wa stendi aje Jumamosi alivute. Wao ndio wamezoea magari."

Huyu ni mtu aliyekuwa akisikia mashine inaumwa siku tatu kabla haijasimama. Nilijua aliyemfikisha hapo ni mimi. Niliumia, lakini kwa kiburi nikaendelea kula.

Kesho yake nilichukua lile daftari. Nilijidanganya kwamba nataka kuona kurasa zilizobaki nimpe mwanafunzi asiye na daftari. Nikaanza kusoma. Kila hatua ilikuwa na mstari wake na muda wake. Ukurasa wa sita uliandikwa hivi: "Kuinua silinda hedi. Nzito. Watu wawili, mimi na Mwalimu. Asiitwe mtu mwingine. Kusubiri likizo ya Juni, sasa hivi anachoka sana."

Mwalimu ndilo jina analoniita nyumbani. Wiki zote zile nilizomwona anapoteza muda, alikuwa ananisubiri. Nilikaa kitandani nikalia.

Jumamosi fundi alikuja na kamba ya kuvutia gari. Nilimfundisha darasa la nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umesumbuka bure, baba. Gari lina fundi wake. Mimi nilimsema vibaya pale kanisani, nilikosea. Na huko stendi uwaambie hivyo hivyo."

Nilimcheka mbele za watu, kwa hiyo kuomba radhi chumbani kusingetosha. Nilijua pia kwamba habari itafika sokoni kabla ya saa sita. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alingoja kijana aondoke.

"Umesoma daftari," akasema.

"Nimesoma. Nisamehe, baba."

"Ni nzito kweli, Mwalimu. Utaweza?"

"Nitaweza."

Likizo ilipofika kulikuwa na baridi na ukungu umelala mpaka uani. Alilegeza boliti kwa namba zake, moja baada ya nyingine, na kila moja ikaingia kwenye kopo lake. Kisha akanionyesha pa kushika, akahesabu mpaka tatu, tukainua. Ilikuwa nzito kuliko alivyoandika. Tulipoitua mezani mikono yangu ilikuwa imejaa oili mpaka viwikoni. Akamimina mafuta ya taa kwenye kitambaa, akaanza kunisafisha kidole kimoja kimoja, na hakuharakisha.