Siku Baba alipotaka kubatiza watu Ziwa Nakuru

Wakuu, salamu kutoka Section 58, hapa Nakuru. Humu ndani mnaniita Guku58, lakini huku nyumbani mimi ni nyanya wa watu, meno yamebaki ya kuhesabika na natype na kidole kimoja. Mkiona typo nyamazeni.

Nimesoma ule uzi wa kijana aliyetaka kuhama na familia akaanzishe kanisa, na bibi yake akakataa kumfuata. Mmemshambulia huyo mama vibaya sana. Ati hana imani. Ati ni wa kuachwa. Nimekasirika mpaka chai yangu ikapoa.

Sasa wacha niwaambie ya mama yangu. Sitaongeza chumvi. Karibu wote waliokuwepo walishaenda, lakini Mungu yuko online na anasoma.

Ilikuwa miaka ya fifties, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya Mau Mau. Kwetu ni Maragoli. Baba alikuwa fundi wa mbao, halafu akaokoka, na kuokoka kwake hakukuwa kwa mchezo. Asubuhi moja akaambia Mama ameitwa Nakuru. Kuna watu wetu wengi huko kwa reli na kwa mashamba ya wazungu, na hakuna wa kuwahubiria.

Mama akamuuliza, "Amekuita nani? Mimi nililala hapa hapa na sikusikia mtu."

Ndio mjue mama yangu.

Hapa lazima nieleze kitu. Baba alikuwa wa wale wanaozamisha mtu kwa maji mzima mzima. Mama naye alilelewa kwa kanisa ambayo haibatizi na maji kabisa. Kwao ubatizo ni wa roho, mnakaa kimya mnaomba, basi. Baba alimbembeleza miaka mingi abatizwe. Mama alikuwa anasema maji ni ya kuoga na ya kupika, na Mungu si mtu wa kuosha vyombo.

Lakini alikubali kuja Nakuru. Aliacha shamba lake la mahindi, akaacha na kaburi la mtoto wake wa kwanza. Akampa Baba sharti moja tu, mbele yetu watoto: mvua ya kupanda ikianza kama hakuna mtu hata mmoja amebatizwa huko, yeye na sisi tunarudi nyumbani kupanda, na Baba abaki na mwito wake.

Baba akasema sawa. Alikuwa mtu wa kusema sawa haraka.

Tukapanda treni. Wakuu, mimi nilikuwa msichana mdogo, sijawahi kuona kitu inakuwa kubwa hivyo. Ile baridi ya huko juu Mau Summit iliingia mpaka kwa mifupa. Halafu treni ikaanza kuteremka, na bonde likafunguka. Nilishika nguo ya Mama. Nilidhani dunia imeisha na tunaingia ile ingine.

Na huko chini kabisa, ziwa. Limezungukwa na kitu pink.

Baba akasimama kwa dirisha akaanza kulia. Akasema, "Rebeka, ona maji! Ona maji Mungu ametuwekea!"

Mama akatazama. Akasema, "Ni mengi," akaendelea kumnyonyesha mdogo wangu.

Tulifikia kwa baba mdogo Ezekia, binamu ya Baba, alikuwa anafanya kazi kwa reli. Chumba kimoja cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, yeye na bibi yake na watoto wao, na sisi. Pazia ndio ilikuwa ukuta. Vijana wa siku hizi mnalia bedsitter ni ndogo.

Baba alikuwa anarekebisha viti na milango ya watu mchana, jioni anahubiri hapo nje ya landhi karibu na mfereji. Kukusanya watu wakati huo ilikuwa shida, lazima ruhusa, na askari anakuja kusikiliza unasema nini. Wengine waliogopa. Wengine walicheka. Miezi ikaenda.

Mama alikuwa haongei sana. Alikuwa anatoka nje kila asubuhi anaangalia juu, upande mawingu yanatoka. Mimi nikimuona anaangalia juu naomba mvua ichelewe, kwa sababu nilikuwa nimeanza kupenda Nakuru na nilikuwa nampenda Baba, na sikujua nitapanda treni gani.

Halafu mwishoni mwishoni mwa kiangazi watu wakaanza kuitikia. Walikuwa wachache. Fireman mmoja wa treni, yule wa kuchochea moto, mama mmoja muuza uji, mpishi wa wazungu wa huko Milimani, na wengine wawili watatu. Wakasema wako tayari kubatizwa.

Baba alikuwa kama mtu amelewa. Akapanga Jumapili. Mahali? Ziwani, wapi kwingine? Mto wa Njoro ulikuwa umekauka, umebaki mawe tu. Ziwa liko pale, kubwa, kila mtu analiona.

Sasa wakuu, hapa ndio makosa ya watu wa kwetu. Sisi tumetoka mahali mito inaimba kila bonde. Ukiona maji unaingia. Mtu wa Maragoli hawezi kuuliza kama ziwa lina maji! Baba hakuuliza mtu. Ezekia naye alikuwa amekaa Nakuru miaka na hakuwahi kufika huko chini, alikuwa analiona kutoka kwa treni.

Na wenyeji tulipowaambia tunaenda ziwani walidhani tunaenda kuona ndege.

Jumapili tukatoka na ngoma, wanaobatizwa wamevaa nyeupe, tunaimba. Watu wakatufuata. Watoto, wanaume wamelewa, watu wa mashamba waliokuja town kununua vitu, na askari wetu nyuma. Mama alikuja pia, amembeba mtoto, anatembea kando.

Tukaanza kusikia harufu. Kama mayai yameoza.

Halafu nyasi zikaisha tukatokea pale wazi, na mimi nikasahau harufu. Walai nimeishi miaka yote hii na bado sina maneno. Heroe, wale flamingo, walikuwa wengi mpaka hakuna ziwa. Pink, pink, pink mpaka ng'ambo. Na sauti yao, ile mngurumo ya chini, unaisikia kwa kifua. Ngoma ikasimama, watu wote wakabaki kuangalia. Hata walevi.

Baba akavua viatu, akakunja suruali, akaingia.

Maji hayakufika hata kwa kifundo. Akaendelea. Yakabaki hapo hapo. Ilikuwa ni chumvi nyeupe juu na matope meusi chini. Akatembea mbali, anatafuta kina, na kila hatua anazama zaidi, lakini kwa matope, si kwa maji. Mwishowe matope yakamfika kwa mapaja na hakuweza kuinua mguu. Amesimama pale na Biblia juu ya kichwa.

Heroe wakaruka wote pamoja. Anga ikageuka rangi.

Na watu wakaanza kucheka.

Woi, walicheka! Mchungaji amekwama! Kulikuwa na bwana mmoja mrefu, Kiprono, nyapara wa ng'ombe kwa shamba moja upande wa Njoro. Huyo alicheka mpaka akakaa chini. Askari naye alicheka mpaka bunduki ikamponyoka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ilikuwa inameza Baba.

Ezekia na yule fireman walimvuta na kamba ya ngoma. Akatoka mweusi mpaka kiunoni, macho mekundu kwa ile magadi.

Nikangoja akasirike. Nilijua wahubiri. Nikajua sasa atawaambia watu wa Nakuru juu ya Sodoma na Gomora.

Akawageukia tu akasema, "Poleni. Nimewatembeza bure. Mimi ni mgeni hapa na sikuuliza. Asanteni kwa kunisindikiza."

Basi. Akachukua viatu vyake. Nikaona Mama anamwangalia, anamwangalia sana, lakini sikuelewa ile macho.

Jioni hiyo upepo ulikuja na harufu ya mvua. Kesho yake Mama akatoa sanduku chini ya kitanda akaanza kukunja nguo zetu. Baba alikaa kwa mlango. Hakumwambia aache. Alikuwa ametoa neno.

Ndio Kiprono akatokea. Tukajua amekuja kucheka tena.

Akasema, "Mchungaji, bado unataka maji? Kwetu iko."

Kumbe kwa shamba walikuwa wamemaliza kujenga dip mpya ya ng'ombe. Kama hujawahi kuona, ni mtaro mrefu wa simiti, mwembamba. Ng'ombe anaruka upande huu kwa kina, anaogelea, anatokea upande ule kwa ngazi na kupe zimekufa. Walikuwa wameijaza maji safi kuangalia kama inavuja. Dawa ingetiwa wiki ijayo. Kiprono alikuwa ameshamuuliza mzungu wake, na mzungu alicheka mpaka akakohoa, akasema sawa, mmalize kabla ya mchana.

Nikamuuliza Kiprono mbona anatusaidia na alitucheka. Akaniambia, "Nimeona wakubwa wengi wakikosea, mtoto. Sijawahi kusikia mmoja akisema pole."

Baba sasa ndio akasita. Kwa dip? Watu wa Mungu wapite mahali pa ng'ombe? Watu watasema nini?

Mama hakuinua kichwa kutoka kwa sanduku. "Mwokozi wako alilazwa mahali ng'ombe inakula. Wewe unaogopa mahali inaoga?"

Halafu akaendelea kukunja nguo.

Jumapili iliyofuata tuliondoka kabla jua halijatoka. Tulikuta wachungaji wa ng'ombe wamejipanga kando ya boma, wamevua kofia. Hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa linapanda kutoka upande wa Menengai na yale maji yalikuwa yametulia kwa simiti mpya, safi, unaona mpaka chini. Mahali pa kuua kupe, wakuu, na nilivua viatu bila kuambiwa.

Baba akashuka zile ngazi mpaka maji yakamfika kiunoni. Akageuka. Wanaobatizwa walikuwa wamepanga mstari kwa kile kinjia chembamba cha mbao cha ng'ombe, hakuna njia ingine. Fireman ndiye alikuwa wa kwanza.

Akasikia mtu anamgusa bega. Akasonga.

Ni Mama, alikuwa ameshanipa mtoto. Alikuwa amevaa ile nguo moja nzuri aliyokuja nayo kwa treni, nguo aliyokuwa ameiacha nje ya sanduku ili arudi nayo nyumbani. Akapita wote akashuka ngazi.

Baba alifungua mdomo na hakuna kitu ilitoka. Mtu wa kuhubiri masaa! Machozi yalikuwa yanaanguka kwa yale maji. Ikabidi Mama amwambie, "Sema maneno yako, ni baridi."

Akasema. Akamlaza chini. Maji yakafunika uso wa mama yangu, na nakumbuka niliacha kupumua mpaka akatoka.

Alitoka, akafuta macho, akamwambia kwa Kimaragoli, polepole, lakini pale ndani ya simiti sauti ilifika kwa kila mtu:

"Sasa nitafutie mahali pa kupanda mahindi. Mvua inakuja."

Kiprono alikuwa wa mwisho kushuka siku hiyo. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Na ndio, kabla hamjauliza, dawa haikuwa imewekwa, la sivyo mngekuwa mnasoma uzi wa mzimu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa, nilimuuliza Mama ni nini kilimbadilisha. Ni wale ndege? Akasema ndege ni ndege. Akasema, "Nilikuwa nimefuata mwito wake na siuamini. Siku ile kwa matope nikaona mtu naweza kumwamini. Na maji, mimi mpaka leo sijui kama yana kazi. Niliingia kwa sababu yeye alikuwa ndani."

Amezikwa hapa hapa Nakuru, si Maragoli. Alitaka mwenyewe.

Kwa hivyo yule kijana wa ule uzi mwingine, wewe unayengoja bibi yako apate imani: mimi sikujui. Lakini angalia kama ameshawahi kukusikia ukisema pole mbele ya watu. Anza hapo, halafu urudi utuambie.

Na nyinyi wengine, mama zenu walihamishwa wapi wakakubali kubaki? Andikeni, niko hapa. Polepole tu, kidole ni kimoja.