Meno ya Vitesi ya Pili

Kosa langu lilianza na usafi. Enzi zile za Wabelgiji nilikuwa fundi wa pikipiki Kasongo. Tukutuku, ndivyo tulivyoziita. Infirmie, yaani muuguzi, wa dispensari aliniletea yake kwa sababu vitesi ya pili, yaani gia namba mbili, ilikuwa inatoka yenyewe njiani. Nikafungua sanduku la vitesi, nikatoa magia yote. Idi ilikuwa karibu, nyumba nzima inasugua masufuria kwa majivu na mchanga, na mimi nikasugua magia yangu vilevile. Yakang'aa. Kitu kinachong'aa namna ile, nani atakiita kibovu? Nikayarudisha, nikafunga.

Mjinga mimi. Ule uchafu ndio uliokuwa na habari: pale palipokuwa peusi na pale chuma kilipolika pangenionyesha jino lililochoka. Nilikuwa nimefuta kila kitu.

Siku ya nne infirmie alirudi kwa miguu, anasukuma. Kwenye mteremko mkubwa wa njia ya Kabambare vitesi ilitoka, pikipiki ikamponyoka, akaanguka. Goti lilikuwa limechunika vibaya. Hakunitukana. Alisema tu, "Fundi, Alhamisi watu wa Kabambare wananingoja. Nitapita mteremko ule tena. Iko salama ao hapana?"

Nilifoka, maana hasira zangu ziko karibu siku zote. Nilimwambia labda hajui kubadilisha vitesi. Uongo mtupu. Moyoni nilijua kwamba nikikosea mara ya pili, mtu huyu atakufa, na nitakuwa nimemuua mimi.

Nikafungua upya. Gia ina meno ya kuizunguka, lakini ubavuni ina mengine machache, manene, yanayoingia kwenye gia ya jirani na kuishika. Kona zake zikiwa kali, vitesi inakaa. Zikiviringika, inaruka. Nilipapasa jino moja moja, na vidole vyangu, vilivyokufa ganzi kwa nyundo na moto, vikaniambia yote ni sawa.

Mke wangu alikuwa barazani anachagua mchele. Alikuwa anaongea na jirani huku anachagua, na vidole vyake vilikuta jiwe kabla ya macho. Sijui ni nini kilichonishusha kiburi; hofu, nadhani. Nikafuta magia, nikampelekea.

"Nipapasie hizi kona. Ipi imelala?"

"Leo fundi ni mimi?"

Alicheka, lakini alifumba macho. Akapapasa gia ya kwanza, akaiweka chini. Ya pili akaizungusha polepole, akarudi nyuma, akaizungusha tena.

"Baba watoto, hili jino liko makali, na hili. Hili la tatu limekuwa sawa na sabuni iliyotumika."

Nikaligeuzia jua, na kweli, kona ilikuwa imelika upande mmoja. Nilikuwa nimelishika mara tatu bila kuona.

Nikapanda baiskeli mpaka Nyangwe, kwa mchuuzi mmoja aliyekuwa na tukutuku ya aina ileile, imekufa injini. Akanipa gia ile na mwenzake, Mungu amrehemu. Nyumbani mke wangu alizipapasa kwanza. Kisha nikachanganya masizi na mawese, nikapaka meno, nikazungusha kwa mkono nione weusi unahamia wapi. Ulihamia katikati ya jino, kila jino. Hapo ndipo nilipofunga.

Alhamisi infirmie akaondoka. Ijumaa sikula vizuri. Jumamosi, kabla ya adhuhuri, tukasikia mlio njiani na majirani wakatoka. Hakuwa peke yake. Nyuma yake alikaa mama mwenye mimba kubwa, amefungwa kwake kwa kitenge asianguke, uso umemlegea. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi, na mtoto hatoki. Infirmie hakusimama, alipunguza mwendo tu mbele yetu.

"Fundi! Mteremko wote, haikutoka!"

Akapita kwenda hospitali. Mimi nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Watu watatu walikuwa wameshuka mteremko ule, si mmoja.

Jioni tulisikia mama na mtoto ni wazima. Majirani wakaja kunisifu, eti mkono wangu ni dawa. Kwetu mwanaume hakuwa na desturi ya kumshukuru mkewe mbele ya watu. Nilimwita atoke ndani, nikawaambia wote kwamba aliyelikuta lile jino ni huyu, mimi nilikuwa nimelipita. Kisha nikamwambia asante.

Alinitazama, hakuamini masikio yake. Nikarudia.